Rupia ya Babu Ilale Wapi?

Katika maboma ya Koyonzo, Kholera au Mayoni, hapa Matungu katika kaunti ya Kakamega, si vigumu kupata nyumba yenye mkebe wa sarafu za zamani. Ndani mna senti za tundu zilizotungwa kwenye uzi, shilingi chache zenye simba, pengine na rupia moja au mbili zenye sura ya Malkia Victoria au ya Mfalme Edward. Matungu ina sababu ya kuwa nazo. Makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, yalikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda, na hadi 1920 Mumias ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kiingereza kwa wilaya nzima ya Kavirondo Kaskazini. Wafanyabiashara wa Kiswahili walileta fedha, serikali ikadai kodi ya nyumba kwa rupia, na vijana waliochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918 walilipwa kwa rupia, wale waliobahatika kulipwa. Sehemu ya historia hiyo ingali imelala kwenye mikebe ya majani ya chai.

Wenye mikebe hiyo huniuliza: niziweke wapi zisiibwe? Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu tu. Kwa hali ya hewa ya Matungu sarafu inaweza kuharibika kabisa bila mwizi kukanyaga uani. Na inaweza kupotea bila kuibwa, kwa sababu aliyeificha alifariki bila kumwambia mtu. Mahali pazuri pa kuweka sarafu ni pakavu, hapajulikani na wengi, na panajulikana na angalau watu wawili. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nami naiona kubwa kuliko chuma chochote.

Kabla ya kutumia pesa kununua sefu, jua kwanza unalinda nini. Watu wengi hudhani kila shilingi yenye simba ni fedha tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotengenezwa kati ya 1921 na 1946 ina robo tu ya fedha. Ile ya 1948 na kuendelea haina fedha hata chembe. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Shilingi ya kundi la kwanza ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Rupia ya India ina gramu 11.66, na zaidi ya asilimia 91 yake ni fedha, yaani takriban gramu 10.7. Rupia moja inazishinda shilingi tano za simba. Riale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa mwaka 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mingi baadaye, ina zaidi ya gramu 23 za fedha.

Uzito wa fedha, hata hivyo, hautoshi kupima thamani. Mkusanyaji hulipia uchache wa sarafu na hali yake. Florini ya 1920 ilitumika kwa muda mfupi sana kati ya rupia na shilingi, na aliyenayo iliyo safi ana kitu. Kinyume chake, senti 5 na senti 10 za 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeachia kiti mwaka huohuo kabla ya kuvikwa taji. Ni kumbukumbu nzuri ya kumwonyesha mtoto, lakini zilitengenezwa nyingi, hivyo hazistahili gharama ya sanduku la benki. Mtu mwenye senti za tundu mia moja na rupia mbili ana makusanyo mawili, na kila moja lina mahali pake.

Kwa kuwa hali ya sarafu ni sehemu ya bei, nasihi kwa nguvu zote: usiisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria huing'arisha rupia na kuiondolea ngozi yake ya miaka mia moja. Mnunuzi mjuzi huiona mikwaruzo hiyo mara moja, na bei hushuka papo hapo. Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake kwa vidole, kwa maana jasho huacha alama isiyotoka.

Adui wa kila siku ni unyevu. Matungu hupata mvua nyingi, mto Nzoia uko karibu, na nyumba ya bati hutoa jasho usiku wa baridi. Senti za shaba hushikwa na kutu ya kijani inayozitafuna taratibu. Fedha nayo hugeuka nyeusi ikikutana na salfa, na salfa iko kwenye moshi, kwenye raba za kufungia noti, kwenye kitambaa cha sufu na kwenye karatasi za magazeti. Kwa hiyo kufunga sarafu kwa kitambaa na kuziweka darini juu ya jiko kunazikausha huku moshi ukizichafua. Kasha la mbao nalo lina hila yake: mbao nyingi, hasa zile za kugandishwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi, na mchwa wakilipata hawaulizi ni la nani.

Hatari ambayo wengi hawaijui ni mifuko laini ya plastiki. Ile yenye harufu kali, inayonata kidogo kama kitambaa cha mezani cha plastiki, kwa kawaida ni PVC. Ikizeeka hutoa asidi, na sarafu hupata utelezi wa kijani unaoacha makovu usoni hata baada ya kufutwa. Tafuta vifuko vigumu vya poliesta, vya politheni, au vikasha vya akriliki. Ukivikosa, bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi inatosha, sarafu moja kwa bahasha moja. Kisha weka zote katika mkebe unaofunga sawasawa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu na mikoba. Vibadilishe kila msimu wa mvua, maana vikishiba havinyonyi tena.

Sasa nyumbani. Chini ya godoro, ndani ya mto na nyuma ya picha ya ukutani ni sehemu ambazo mwizi huzijua kabla hajaingia. Chumba cha kulala ndicho hupekuliwa kwanza. Ukiwa na nyumba ya matofali yenye sakafu ya zege, sefu ndogo iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu na ukuta inafaa, mradi fundi wa kuifunga awe mtu unayemwamini na usimwambie itahifadhi nini. Sefu isiyofungwa ni zawadi: vijana wawili huibeba na kwenda kuifungua kwenye shamba la miwa kwa nafasi yao. Nyumba ya udongo haina mahali pa kushikilia boliti, na mwenye nyumba hiyo asijidanganye kwa kununua chuma. Afadhali sarafu zake bora zikae benki, au kwa ndugu mwenye nyumba imara, kwa maandishi.

Kakamega ni nchi ya radi, na moto wa nyumba ni jambo la kufikiria kweli. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, lakini vifuko na maandishi yako vitateketea mapema zaidi ya hapo. Sefu za kuzuia moto husaidia, ila zina siri moja: kuta zake hujazwa kitu chenye maji yaliyofungika ndani, ambayo hugeuka mvuke moto ukija. Hata siku za kawaida unyevu huo huvuja kidogo kidogo ndani. Anayeweka sarafu kwenye sefu ya aina hiyo bila vipakiti vya kukausha, akae miezi bila kuifungua, atakuta senti zake zimeota kijani.

Kuhusu kufukia ardhini sina maneno ya kubembeleza. Watu wa pwani walifukia karne nyingi zilizopita, na ushahidi tunao. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Songo Mnara, karibu na Kilwa, walipata fungu la zaidi ya sarafu 300 za shaba ndani ya jengo la kale. Sisi tunafurahia elimu iliyopatikana. Lakini kila fungu la namna hiyo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakurudi kulichukua. Ardhi ya Matungu, yenye maji, mchwa na jembe la trekta linalopita kila miwa inapopandwa upya, haina huruma zaidi ya ile.

Lipo na suala la sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Rupia ya 1888 iliyotengenezwa kwa ajili ya Mombasa, ile yenye mizani, inaweza kuangukia humo. Kuitoa nchini kunahitaji kibali. Ukifukua sarafu za kale shambani, usiziuze kwa mpita njia. Wajulishe Makumbusho ya Taifa. Na ukimsikia mtu akidai rupia fulani ina zebaki ndani au huvuta punje za mchele, ujue anatafuta pesa zako, wala si rupia zako.

Benki je? Siyo kila tawi lina masanduku ya amana, kwa hiyo uliza Mumias, Kakamega na Kisumu kabla ya kufanya mpango. Faida yake ni kubwa: sarafu zinatoka katika boma ambalo watu wanaingia na kutoka, hasa wakati wa matanga na harusi. Lakini elewa unachonunua. Benki hukukodishia sanduku bila kujua umeweka nini. Machi 2019 wapelelezi walikuta marundo ya noti bandia ndani ya sanduku la mteja katika benki moja jijini Nairobi. Ikiwa benki haijui kilichomo, siku ya hasara kazi ya kuthibitisha ni yako. Fidia ya Shirika la Bima ya Amana, ambayo tangu Julai 2020 hufikia shilingi 500,000 kwa mteja benki ikifilisika, ni ya pesa zilizo kwenye akaunti, haihusu vitu vya sandukuni. Wala chumba cha hazina si pepo: Novemba 2017 wezi walichimba handaki hadi ndani ya tawi la KCB mjini Thika na kuondoka na zaidi ya shilingi milioni 50.

Jambo jingine kuhusu benki linarudi kwenye kule kufariki bila kumwambia mtu. Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011 inagusa hata yaliyomo ndani ya masanduku ya amana. Kodi ya sanduku isipolipwa, na muda uliowekwa ukapita bila mwenyewe kujitokeza, yaliyomo hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia mali hizo. Familia inaweza kuyadai, lakini lazima kwanza ijue kwamba sanduku lilikuwepo.

Bima ya vitu vya nyumbani nayo isikupe usingizi wa bure. Mikataba mingi huziwekea sarafu na medali kikomo kidogo, au huziacha nje kabisa, mpaka uzitaje moja moja na thamani yake. Omba kusoma sehemu hiyo kabla ya kutia sahihi. Na kama lengo lako ni kizazi kijacho kuziona zaidi ya kuziuza, fikiria kuazimisha sarafu chache kwa mkataba wa maandishi. Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kiko hapahapa Matungu, na hadithi ya rupia na Wanga ina haki ya kusimuliwa huko. Mkataba utaje kila kipande, picha yake na tarehe ya kurudishwa.

Uamuzi wangu kwa mkusanyaji wa kawaida wa Matungu ni huu. Rupia, riale, florini na chochote kilichopimwa na mjuzi kuwa adimu, ziende benki. Senti za tundu, shilingi za nikeli na zile za Kenyatta na Moi zibaki nyumbani, katika mkebe mkavu uliofungwa vizuri, ndani ya sefu kama ipo. Zote ziwe na daftari moja: mwaka, nchi, uzito, kipenyo, picha ya pande mbili, na hadithi ya ilikotoka. Hadithi hiyo iandike hata kama ni sentensi moja tu kwamba kukhu, yaani nyanya, alipewa na nani. Nakala ya daftari ikae mbali na sarafu zenyewe, kwa mwanao aliye Nairobi au kwa wakili. Picha usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Mwisho, taja sarafu kwenye wosia. Kwa sheria ya Kenya wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Wa mdomo pia unahitaji mashahidi wawili, na hauna nguvu ikiwa aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Waislamu wa Matungu na Mumias wana utaratibu wao wa mirathi, nao waufuate, lakini hata mirathi hiyo haiwezi kugawa kisichojulikana kilipo. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujaenda kuulizia bei ya sefu, zitoe sarafu mezani, zipige picha, ziandike, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini daftari liko wapi.