Feni ya jikoni haivuti kitu kama hewa haina njia

Ukikaanga omena Jumapili jioni katika bedsita ya Roysambu au Pipeline, Jumatatu asubuhi koti lako la kazi bado linanuka. Kitanda kiko hatua nne kutoka kwa meko, nguo ziko karibu zaidi, na dirisha ni moja tu, tena linatazama ukuta wa ploti jirani. Wengi wakichoshwa na harufu hukimbilia kununua feni. Wiki mbili baadaye wanalalamika kwamba inapiga kelele tu.

Mara nyingi feni haina makosa. Haiwezi kutoa hewa katika chumba ambacho hewa mpya haiingii. Umefunga mlango, umeziba chini yake kwa tambara sababu ya mende, dirisha umelifunga sababu ya mbu, na yale matundu ya juu ya dirisha umeyajaza magazeti sababu ya baridi. Sasa feni itavuta nini?

Jaribu hivi. Washa feni, shika kipande cha tishu karibu nayo, kisha fungua mlango kidogo, upana wa vidole viwili. Tishu ikinyonywa kwa nguvu zaidi, umejua shida iko wapi, na dawa yake haina gharama. Hewa iingilie upande wa pili wa chumba, ipite juu ya meko, itoke. Ukifungua dirisha lililo kando ya feni, hewa itaingilia hapo na kutokea hapo hapo, moshi ubaki juu ya kitanda.

Kutoka nako kuna mambo yake. Zile mashine za kufyonza moshi zisizo na bomba huchuja mafuta na harufu kiasi, kisha hurudisha hewa ile ile chumbani, pamoja na joto na mvuke wake. Kama keja yako ina ukuta wa nje, feni ndogo inayotoa moshi nje moja kwa moja ni afadhali. Bomba likihitajika, liwe fupi na lililonyooka. La inchi 6 lina nafasi zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 4, kwa hivyo fundi akikuwekea jembamba eti ndilo alilo nalo, mwambie asubiri. Na usielekeze bomba kwenye kile kishimo cha katikati ya jengo bila kifuniko kinachojifunga chenyewe, la sivyo utanusa githeri ya watu wa orofa zote.

Mwenye nyumba akikataa utoboe ukuta, toa kioo kimoja cha dirisha, weka ubao wenye feni, na uhifadhi kioo. Siku ya kuhama unakirudisha na depositi yako inabaki salama. Chujio la chuma lioshwe kwa maji moto na sabuni ya vyombo kila mwezi. Mafuta yaliyoganda huziba hewa, na pia hushika moto.

Lakini kuna mambo mawili ambayo feni haiwezi. Jiko la makaa ndani ya chumba, hasa baridi ya Julai, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Usijidanganye kwamba feni itakuokoa. Jiko likae nje.

La pili ni gesi ya mtungi ikivuja. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda sakafuni, ilhali feni yako iko juu. Isitoshe, swichi yenyewe inaweza kutoa cheche. Ukinusa gesi usiwashe feni, usiguse hata taa. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje, ndipo upige simu.