Kabla Hujamgawa Mtoto wa Mbwa Mwenye Upele

Mbwa akizaa uani, watoto wake huanza kutafutiwa wenyewe wakishafikisha wiki 8 hivi. Jirani anataka mlinzi, shemeji anataka wa kwenda naye shambani, waliobaki wanatangazwa mtaani. Mambo huharibika pale manyoya yanapoanza kunyonyoka kuzunguka macho, au ncha za masikio zinapoota magamba. Waliokuja kuchagua hurudi nyuma. Mwenye mbwa naye hushawishika kuwapaka oili chafu, au kwenda kuwatupa usiku karibu na soko, au kuwagawa haraka kabla upele haujaonekana sawasawa. Mimi ni daktari wa mifugo, na wanyama walioponzwa na njia hizo huishia mezani kwangu, wengine wakiwa wamechelewa mno. Inauma, kwa sababu upele wa mtoto wa mbwa unatibika. Cha kwanza ni kujua ni upele gani, maana jibu hilo ndilo litakaloamua kama mtoto huyu anaweza kwenda kwa watu wapya wiki hii au asubiri mwezi mzima na zaidi.

Aina kuu ni mbili, na zote huletwa na utitiri, viumbe wa miguu minane, jamaa za kupe, wadogo kiasi kwamba huwezi kuwaona bila hadubini.

Aina ya kwanza huletwa na utitiri uitwao Demodex canis, unaoishi ndani ya vitundu vinavyootea manyoya. Karibu kila mbwa mzima anao kidogo na haumdhuru. Mama huwaambukiza watoto katika siku chache za mwanzo, wanaponyonya huku ngozi zao zikigusana. Kinga ya mtoto ikiwa bado changa, au ikidhoofishwa na minyoo na lishe duni, utitiri huzaliana kupita kiasi, na kati ya umri wa miezi 3 na 6 hivi utaona mabaka yasiyo na manyoya kwenye kope, pembe za mdomo na miguu ya mbele. Mara nyingi hayawashi sana. Upele huu haumwambukizi binadamu, wala mbwa mwenzake mwenye afya hawezi kuupata kwa kulala naye banda moja. Mabaka yakiwa machache, watoto 9 kati ya 10 hupona bila dawa yoyote ya utitiri, ndani ya wiki chache hadi miezi miwili, mradi walishwe vizuri na wapewe dawa ya minyoo. Yakienea mwili mzima, ngozi ikawa nyekundu, ikatoa usaha na kunuka, huo ni ugonjwa mkubwa unaohitaji miezi ya matibabu.

Aina ya pili huletwa na Sarcoptes scabiei. Jike la utitiri huu huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Kutoka yai hadi utitiri mpevu ni kama wiki 3. Mtoto wa mbwa hapati usingizi kwa kujikuna. Upele huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni, kisha ngozi inakuwa nene na kuota ukoko. Huu unaambukiza kwa kasi. Mmoja akiwa nao, wahesabu ndugu zake wote na mama yao kuwa wanao, hata kama hawajajikuna bado.

Watu waliowabeba watoto hao hutokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Visiwatishe. Utitiri wa mbwa hauwezi kuendeleza kizazi chake kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo vipele huisha vyenyewe mbwa akishatibiwa. Lakini muwasho ukiendelea wiki kadhaa baada ya mbwa kupona, hasa katikati ya vidole na kwa watu wengi wa nyumba moja, nendeni hospitali, kwani upele wa binadamu kwa binadamu ni kitu kingine na una dawa yake.

Utazitofautishaje? Kipo kipimo unachoweza kukifanya nyumbani. Shika ukingo wa sikio la mtoto, ukunje na kuusugua taratibu kwa vidole. Akianza kurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna, shuku Sarcoptes kwanza. Mbwa wengi wenye upele huo hufanya hivyo, ingawa si wote, na wapo wanaofanya hivyo bila kuwa nao. Uthibitisho ni wa daktari, kwa kukwangua ngozi na kutazama kwenye hadubini. Kwa Demodex anakwangua kwa kina mpaka vidoa vya damu vitokeze, na kwa kawaida utitiri huonekana bila shida. Sarcoptes ni mjanja wa kujificha. Mara nyingi, zaidi ya nusu ya vipimo, hauonekani ingawa upo. Ndiyo maana daktari makini akikuta dalili zote halafu kioo kikawa kitupu, bado atawatibu kama wenye Sarcoptes. Usimwone kuwa anakubahatishia.

Kukwangua kunafaa pia kwa sababu si kila unyonyokaji ni utitiri. Choa, ugonjwa wa fangasi, huonekana vilevile na huwapata watoto wa binadamu nyumbani haraka sana. Viroboto nao humfanya mbwa ajikune mgongoni na mkiani mpaka manyoya yanyonyoke.

Sasa dawa, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Oili chafu ya gari ina kemikali za petroli na madini yenye sumu. Inachoma ngozi iliyokwisha chubuka, inapenya mwilini, na mtoto wa mbwa huilamba. Haina kipimo kilicho salama. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi hutibu utitiri kweli, lakini kwa mtoto mdogo inaweza kupunguza mapigo ya moyo na joto la mwili mpaka akalala asiamke. Isiwaguse walio chini ya miezi 4. Kuna pia sindano ya kutuliza muwasho, jamii ya deksamethasoni na prednisoloni, ambayo inapendwa kwa sababu mbwa huacha kujikuna siku hiyohiyo. Kwa mwenye Demodex inaangusha kinga, na mabaka matatu yanageuka mwili mzima.

Inayoniogofya kuliko zote ni ivermektini ya ng'ombe. Ni dawa kubwa. Waliogundua kundi lake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Madaktari huitumia kwa mbwa, ila kwa hesabu kali. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita 1 ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50. Kwa uwiano huohuo, mtoto wa mbwa wa kilo 2 angestahili mililita 0.04, kiasi ambacho sirinji ya kawaida ya mililita 5 haiwezi kukipima. Anayekadiria kwa jicho akachoma nusu mililita amempa zaidi ya mara 10. Mtoto ataanza kuyumba, kutoka mate, kutetemeka, pengine kupofuka na kuzimia, na sumu hiyo haina dawa yake maalumu. Wako pia mbwa wenye hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, wengi wao wa jamii ya Collie na baadhi ya German Shepherd na machotara wao, ambao dawa huingia ubongoni hata ikiwa kidogo. Mlinzi chotara wa mtaani, nani ajuaye babu yake alikuwa nani?

Njia salama zaidi zipo. Matone ya selamektini ya kudondosha shingoni hutumika kuanzia wiki 6. Vidonge vya kutafuna vya fluralana, afoksolana, sarolana au lotilana vinatibu aina zote mbili vizuri. Kutegemea dawa na nchi, huruhusiwa kuanzia wiki 8 au miezi 6, na uzito wa chini huandikwa kwenye pakiti. Mbwa mwenye historia ya degedege daktari aambiwe mapema, kwa kuwa kundi hili limeshahusishwa na degedege kwa mbwa wachache. Bei yake si ndogo, nakiri, lakini mtoto wa kilo 3 hutumia kidonge cha saizi ndogo kabisa. Anayeishi karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wa Nairobi ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, na KSPCA, shirika la ustawi wa wanyama ambalo hupokea mbwa na kuwatafutia makazi.

Ikiwa ni Sarcoptes, mtibu mama na watoto wote siku moja. Magunia waliyolalia yachomwe, vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwani utitiri huu huishi siku kadhaa nje ya mbwa, na mahali penye ubaridi na unyevu hata wiki 3. Mtu asikabidhiwe mtoto yeyote kabla ya wiki 4 hadi 6 za matibabu kupita na muwasho kukoma. Ukimtoa mapema, unapeleka upele kwa mbwa aliyekuwa mzima huko aendako. Ikiwa ni Demodex ya mabaka machache, sioni sababu ya kumzuia. Anaweza kwenda akishafikisha wiki 8, amepewa dawa ya minyoo na anakula vizuri. Aliyeenea mwili mzima anaweza kwenda pia, kwa mtu aliye tayari kuendelea na matibabu mpaka vipimo viwili vya ngozi, vilivyopishana mwezi mmoja, vioneshe hakuna utitiri. Huyo asije akazalishwa, na mama yake afungwe kizazi, maana udhaifu huo hurithiwa na uzao ujao unaweza kuwa vilevile.

Mpokeaji ana haki ya kuambiwa yote. Mwandikie kwenye karatasi uzito wa mtoto, jina la dawa, tarehe aliyopewa na tarehe ya dozi inayofuata, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa kama ameshapata. Akisita baada ya kusikia ukweli, mwache aende. Huyo angemtupa mwezi wa pili.

Kama leo una watoto wa mbwa wenye upele uani, usiwatangaze bado. Wapime uzito mmoja mmoja, wapeleke wakwanguliwe ngozi, na mama yao aende nao.