Shabu Ilipoingia Tangi Lisilo Lake

Lori lililofika Lowermoor, karibu na mji mdogo wa Camelford huko Cornwall, Uingereza, tarehe 6 Julai 1988, halikukuta mtu. Mtambo ule wa kusafisha maji ulijiendesha wenyewe. Dereva alikuwa ameshika nafasi ya mwenzake. Alipewa ufunguo na kuambiwa tangi liko upande wa kushoto. Kumbe ufunguo ule ulifungua karibu kila kufuli la pale. Akamimina tani 20 za myeyuko wa alumini salfeti, akaenda zake. Tangi lenyewe lilikuwa la maji yaliyokwisha kusafishwa, yakisubiri kwenda kwa watu wapatao 20,000.

Dawa hiyo ni ndugu wa shabu, ile ambayo watu wengi kwetu huitia kwenye ndoo ya maji ya mto. Chembe za udongo majini zina chaji hasi, hivyo husukumana na kubaki zinaelea. Alumini huivunja nguvu ile. Chembe hushikana, zikawa madonge, zikazama na kuchujwa, na alumini karibu yote hutoka pamoja na tope. Kazi hiyo huyaongezea maji uchachu, ndiyo maana chokaa hutiwa baadaye kuyarekebisha. Lakini katika tangi la mwisho hapakuwa na tope la kushika, wala chujio, wala chokaa ya kutosha kushindana na tani 20. Kikomo cha alumini kilikuwa miligramu 0.2 kwa lita. Sampuli moja ilikutwa na miligramu 620.

Maji yale makali yakaanza kula mabomba. Yalibeba shaba, zinki na risasi hadi bombani jikoni. Watu walipata vidonda mdomoni, wakatapika, wakaharisha. Nywele za wengine ziligeuka kijani kwa sababu ya shaba. Simu zikamiminika kwa mamlaka ya maji, South West Water Authority. Jibu lilikuwa kwamba maji ni salama. Ukiona ladha mbaya, watu waliambiwa, changanya na juisi ya machungwa.

Ushauri huu unastahili kutazamwa kikemia, maana kwa nia ya kuficha ladha ulikuwa mbaya kuliko kukaa kimya. Kwa kawaida utumbo hupitisha alumini kidogo mno. Sehemu kubwa hutoka na choo. Asidi ya sitriki iliyomo kwenye chungwa huishika alumini na kuifanya iyeyuke vizuri, na hapo hupenya kuingia kwenye damu kwa urahisi zaidi.

Usiku ule mafundi walifungua mabomba kuyasafisha, maji yakamwagwa kwenye mito Camel na Allen. Samaki wakafa kwa makumi ya maelfu: alumini katika maji machachu huganda juu ya mashavu yao, nao hukosa pumzi. Mito ilikuwa imekwisha kutoa taarifa. Binadamu walisubiri hadi Julai 22, siku 16 baadaye, tangazo lilipotokea katika gazeti la Western Morning News, ingawa wakuu walikuwa wamejua chanzo ndani ya siku chache tu. Wakati huo serikali ilikuwa ikijiandaa kuuza sekta ya maji kwa watu binafsi, jambo lililofanyika mwaka 1989. Mimi sioni haja ya kutafuta mbali sana sababu nyingine ya ukimya ule.

Mwaka 1991 mahakama ya Exeter iliitoza mamlaka ile faini ya pauni 10,000. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa kifo cha mkazi mmoja ambaye ubongo wake ulikutwa na alumini nyingi, mpelelezi wa vifo alisema mamlaka ilicheza kamari na maisha ya watu 20,000. Serikali iliomba radhi mwaka 2013.

Kilichopotea katika siku zile 16 ni vipimo. Asiyeambiwa kuna nini majini hapeleki damu wala mkojo kupimwa, na daktari asiyeambiwa hajui atafute nini. Hakuna aliyeandika nani alikunywa glasi ngapi, siku ipi, kutoka bomba lipi. Kamati ya kitaifa ya wataalamu wa sumu ilipofanya kazi ya miaka mingi ilibidi ikadirie kwa hesabu kile ambacho chupa chache za sampuli zingeonyesha wazi, na wagonjwa wanaolalamikia kumbukumbu na viungo hadi leo hawana karatasi ya kuthibitisha wala ya kukanusha.