Sungura ndani ya nyumba: Huruma bila elimu haitoshi

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, katika nyumba yetu hapa Dar es Salaam anaishi sungura mweupe aitwaye Pamba. Hana banda. Hulala chini ya kabati la vyombo, hutembea sebuleni na ukumbini kwa hiari yake, na jioni tuketipo mkekani huja kujinyoosha kando ya miguu yetu kama mmoja wa watoto wa nyumba. Wageni wakiingia humtazama, kisha huuliza swali lile lile: "Huyu mtamla lini?"

Swali hilo halina ubaya, kwani sungura ni halali. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba yeye na wenzake walimkurupusha sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran. Anas akamkamata na kumpeleka kwa Abu Talha (R.A.), naye akamchinja na kumpelekea Mtume (S.A.W.) sehemu ya nyama yake, akaipokea. Lakini katika nyumba hiyo hiyo ya Abu Talha alikuwamo mtoto mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kidege cha kuchezea. Kidege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (S.A.W.) alimsemesha kwa upole akimuuliza habari zake. Nyumba moja ilimjua mnyama kuwa ni riziki, na ikamjua pia kuwa ni mwenzi wa mtoto. Katika hali zote mbili, wajibu wa kumfanyia mnyama wema ulibaki pale pale.

Nasi tulidhani wema huo tunao. Ramadhani iliyopita ilituonesha kasoro yetu.

Kutoka kwenye sanduku

Pamba alinunuliwa kwa mfugaji kwa ajili ya binti yetu wa miaka tisa. Mwanzo tulimweka katika sanduku la mbao lenye wavu. Usiku alitafuna wavu na kupiga sakafu kwa miguu ya nyuma, ishara ambayo sungura huitoa anapohisi hatari. Tukakumbuka habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Pamba alikuwa akila na kunywa, lakini kifungo kilikuwa kifungo. Tukafungua mlango wa sanduku.

Wiki ile ile alikata waya wa feni, akala pembe ya mkeka na kutoboa kandambili mbili. Tulimwona mkorofi, kumbe meno ya sungura hayakomi kukua maishani mwake, na asipotafuna humdhuru. Ilikuwa juu yetu kuitengeneza nyumba. Nyaya tukazipitisha ndani ya mabomba ya plastiki na nyingine tukazificha nyuma ya makabati. Yeye tukampa vijiti vya mpera. Vigae vilikuwa vikimtelezesha, kwa hiyo tukatandika mikeka mikuukuu kwenye njia anazopita.

Joto la mji wetu nalo lilihitaji hadhari. Sungura hapoi kwa kutoka jasho kama sisi, bali hupunguza joto la mwili hasa kupitia masikio yake marefu. Joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Mchana wa jua kali humwekea chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, naye huegemea hapo mpaka alasiri.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa tohara. Mwili wa sungura si najisi. Lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama mnyama huyo huliwa, ingawa madhehebu ya Maliki na Hanbali yana mtazamo mwingine. Kwa hiyo chumba tunachoswalia hufungwa mlango, na miswala hukunjwa na kuwekwa juu. Bahati njema, sungura hupenda kujisaidia mahali pamoja. Tuliangalia kona aliyoichagua, tukaweka hapo beseni lenye magazeti na nyasi kavu. Daktari wa mifugo alipomhasi, tabia ya kunyunyiza mkojo huku na huko ikakoma.

Usiku wa daku

Ilikuwa kumi la pili la Ramadhani. Kila tulipofuturu, Pamba alizunguka mkeka, na kila mmoja wetu alimpa kitu kwa siri ya mapenzi. Binti alimpa kokwa ya tende yenye nyama kidogo. Kaka yake alimpa kipande cha andazi. Bibi yao alimpa tambi, akisema mwezi mtukufu usimpite mtu. Sisi wazazi tuliona, tukatabasamu, nasi tukatoa chetu. Hakuna aliyejumlisha.

Usiku mmoja, tulipoamka kula daku, tuliziona nyasi za mchana zikiwa hazikuguswa. Pamba alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, akisaga meno taratibu. Mmoja wetu akatania: "Naye leo amefunga." Tukacheka, tukala, tukaswali, tukalala.

Saa tatu asubuhi alikuwa pale pale, na beseni halikuwa na kinyesi hata punje moja. Tukampakia katika kikapu na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa tumbo, akatuuliza amekula nini. Tulipoanza kutaja, kila mmoja alisikia kwa mara ya kwanza kile alichotoa mwenzake.

Alitueleza kwamba tumbo la sungura limeumbwa kwa nyasi, na halitakiwi kusimama. Vyakula vya sukari na wanga huliharibu, nalo likisimama sungura huweza kufa kwa muda mfupi. Asipokula kwa takriban saa 12, hiyo ni dharura. Kusaga meno kwa namna ile kulikuwa ni maumivu. Watoto wamezoea Sungura wa hadithi, mwenye maneno mengi ya kumlaghai Fisi. Sungura wa nyumbani halii wala hasemi anapougua. Huficha udhaifu wake, kwani porini mnyama dhaifu ndiye huliwa kwanza.

Alichomwa sindano ya maumivu na kuongezewa maji chini ya ngozi. Sisi tukapewa kazi ya kumlisha uji wa nyasi kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kwa siku mbili mzaha ule wa daku haukututoka akilini. Usiku wa tatu, kabla ya alfajiri, binti yetu alituamsha. Mkononi alishika kipande cha gazeti chenye vidonge vitatu vidogo vya kinyesi. Alikuwa akilia, akisema Alhamdulillah.

Kwa wanaofikiria kumleta

Chakula chake kikuu ni nyasi, mbichi kama ukoka au kavu, ambazo zisikosekane usiku wala mchana, pamoja na maji safi. Majani ya karoti na sukuma wiki ni nyongeza, si mlo. Majani ya parachichi, vitunguu, mkate na wali asipewe. Asinyanyuliwe kwa masikio. Ashikwe kifuani, na miguu ya nyuma itegemezwe. Kabla ya kumnunua, itafutwe kwanza zahanati ya mifugo inayomjua sungura.

Ihesabiwe pia miaka. Sungura akitunzwa vyema huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto anayemlilia leo atamaliza sekondari sungura angali hai, na mtoto hawezi kuachiwa peke yake amana ya muda huo.

Nyumbani kwetu, karatasi imebandikwa kwenye friji. Anayempa Pamba chochote hukiandika hapo, hata bibi. Na tunapoamka usiku, iwe kwa daku au kwa tahajudi, mmoja wetu hupita kwanza kwenye beseni, akainama na kutazama.