Mboga Ipo Ghalani: Mapishi ya Mbaazi kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya kupura na kupepeta mbaazi. Leo tunaziacha shamba na ghala, tunaingia jikoni. Nawaomba akina baba msiinuke mkaondoka mkidhani kwamba kipindi hiki ni cha akina mama peke yao. Mambo ya leo yanaanzia ghalani, na funguo za ghala mara nyingi anazo baba.

Kwanza nitawasimulieni kisa kifupi. Mwaka 2018, mwezi wa pili, wakati wa palizi, nilifika katika nyumba moja wilayani Babati. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka shambani amechoka, lakini alinikaribisha chakula kama ilivyo desturi yetu. Ukaletwa ugali, na pembeni maji ya chumvi yenye pilipili. Nikamwuliza, “Mama, leo mboga imekuwaje?” Akanijibu, “Mboga hakuna, bwana shamba. Dagaa wamekwisha, na pesa ya kununua wengine sina.” Mtoto wake wa miaka miwili hivi alikula matonge mawili, kisha akageuka na kulala.

Sasa sikilizeni. Mimi nilikuwa nimeketi nimeegemea gunia. Nikalipapasa gunia lile: mbaazi. Nyuma yake kulikuwa na magunia mengine matatu. Nikasema, “Na hizi je, mama?” Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu. “Hizo ni za kuuza. Tunangoja mnunuzi.”

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na sisi tukikosa mboga husingizia pesa. Lakini siku ile sikumlaumu mama yule. Nilijilaumu mwenyewe. Mimi na wenzangu tulikuwa tumekwenda katika kijiji kile mara nyingi. Tulifundisha mbegu bora, tukafundisha nafasi ya kupandia, tukaeleza habari za bei. Hakuna hata siku moja tuliyoeleza jinsi mbaazi zinavyopikwa. Tuliwafanya watu waione mbaazi kama pamba, yaani zao la kupakia kwenye lori tu.

Na kwa nini magunia yale yalikuwa bado ndani mpaka mwezi wa pili? Wengi mnakumbuka. Mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi ni nchi ya India. Mwaka 2017 wakulima wa India walikuwa wamevuna mbaazi nyingi zao wenyewe, na mwezi wa nane mwaka huo serikali yao ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje. Huku kwetu bei ikaanguka vibaya, na magunia yakabaki majumbani. Wenzetu wa Lindi na Mtwara waliumia pia kwa upande wa pesa, lakini kwao mbaazi ni chakula cha siku zote. Huko Babati familia nyingi zilipata hasara mara mbili: zilikosa pesa, na zilikosa mboga, ilhali mboga imejaa nyumba.

Basi neno langu la leo ni hili, ndugu mkulima. Zao unalojua kuliuza tu lina soko moja, na soko hilo likifungwa umekwama. Zao unalojua kulila vilevile lina soko la pili, nalo ni chungu chako mwenyewe. Soko hilo halifungwi na mtu.

Hebu tuone mbaazi zina nini. Katika gramu 100 za mbaazi kavu kuna gramu kama 20 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika mahindi ni kama gramu 9 tu, na protini hiyo ya mahindi imepungukiwa na sehemu moja muhimu inayoitwa laisini. Mbaazi zina laisini nyingi. Nazo mbaazi zina upungufu wao mwingine, ambao mahindi huuziba. Kwa hiyo mahindi na mbaazi vikiliwa pamoja kila kimoja humsaidia mwenzake, kama watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti mmoja. Ugali kwa chumvi hujaza tumbo, lakini mtoto hakui kwa kujaa tumbo peke yake.

Najua mama mmoja huko anasema, “Bwana shamba, mbaazi zinakula kuni.” Ni kweli, tena kuni siku hizi ziko mbali. Lakini dawa yake ipo.

Jioni, chagua mbaazi zako kwenye ungo, uondoe mawe na zilizotobolewa na wadudu. Zioshe, kisha ziloweke usiku kucha katika maji mengi, kama mara tatu ya mbaazi zenyewe, maana zitavimba. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, tia maji mapya yazipite mbaazi kwa vidole vinne, ubandike. Funika sufuria. Usitie chumvi mwanzoni. Ngoja mpaka zilainike. Zikiwa zimelowekwa vizuri huiva kwa saa moja hivi. Mbaazi zilizokaa ghalani muda mrefu huchukua zaidi. Msitie magadi. Yanalainisha upesi, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini.

Kuna njia nyingine ya kuokoa kuni zaidi, nayo yawafaa sana wakati wa palizi. Tafuta kapu kubwa au boksi. Tandika ndani majani makavu au matambara, mazito kiasi cha shibiri moja, chini na pembeni. Chemsha mbaazi zilizolowekwa mpaka zitokote sawasawa kwa muda wa nusu saa. Ipua sufuria ikiwa imefunikwa na imejaa karibu na ukingo, iweke katika kapu lile upesi, ufunike juu kwa blanketi kuukuu. Nenda shambani. Ukirudi baada ya saa tatu au nne utazikuta zimelainika, na hakuna kuni iliyoungua. Zirudishe motoni zitokote tena kabla ya kuliwa. Usiache mpaka zipoe kabisa humo kapuni, maana chakula cha vuguvugu kikikaa sana huchacha.

Haya, sasa mapishi. Nitaeleza matatu. Kikombe ninachosema ni kile cha robo lita, na kipimo ni cha watu sita.

La kwanza ni mbaazi za karanga. Watu wa pwani hupika mbaazi kwa nazi, zikawa tamu sana. Lakini bara nazi hununuliwa dukani, na leo tumesema hatuendi dukani. Karanga tunazo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo mafuta ya kupikia hatutayahitaji. Chukua vikombe viwili vya mbaazi zilizokwisha kuiva, zikiwa bado na supu yake. Kaanga kikombe kimoja cha karanga kwa moto mdogo, pepeta maganda, utwange katika kinu mpaka ziwe unga laini. Unga huo ukoroge pembeni kwa maji kidogo usifanye madonge. Katakata kitunguu kimoja na nyanya mbili, vitie katika mbaazi, viive. Kisha mimina karanga zako, punguza moto, ukoroge kwa mwiko bila kuacha kwa dakika kumi na tano, maana karanga hupenda kushika chini ya sufuria. Tia chumvi. Nyanya zikikosekana, pika hivyo hivyo na kitunguu peke yake. Na kitunguu kikikosekana, karanga zenyewe zinatosha kuleta ladha. Mboga hii ni ya ugali, wa dona au wa mtama.

La pili ni makande. Hapa hatuna haja ya ugali. Chakula na mboga vimo katika sufuria moja. Chukua vikombe vitatu vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja na nusu cha mbaazi. Viloweke usiku kucha, lakini kila kimoja katika chombo chake, kwa sababu mahindi hukawia kuiva. Bandika mahindi kwanza. Yakianza kulainika, tia mbaazi. Vikiwa karibu kuiva, tia majani: majani ya kunde, ya maboga, mchicha, au yale uliyoyakausha wakati wa masika. Maliza kwa unga wa karanga, kikombe nusu, na chumvi. Yakibaki makande ya jioni, asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote, yaliwe kabla ya kwenda shambani. Mtu aliyekula makande asubuhi halegei jembe saa tano.

La tatu ni la mtoto. Mtoto aliyetimiza miezi sita anahitaji chakula pamoja na maziwa ya mama. Chota mbaazi zilizoiva vizuri kabla hujatia pilipili wala chumvi nyingi. Ziponde, uzipitishe katika chujio ili maganda yabaki. Rojo ile ichanganye katika uji wake, na kijiko kimoja cha unga laini wa karanga. Uji usiwe maji maji. Ukiuinua kwa kijiko usimwagike upesi. Tumbo la mtoto ni dogo, likijazwa maji hakuna nafasi ya chakula. Msimpe mtoto mdogo karanga nzima, inaweza kumpalia.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Mbaazi na majani vina madini ya chuma yanayoongeza damu, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi vikiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C. Kamulia ndimu kidogo katika sahani, au kula embe au pera baada ya chakula. Wenzetu wa Dodoma wana ubuyu. Wakoroge unga wake, wanywe. Chai ya rangi isiliwe pamoja na chakula hiki, maana huzuia madini hayo. Ngojeni kama saa moja, kisha mnywe chai yenu kwa raha.

Sasa tahadhari, na hapa naomba tusikilizane sana. Kupika kwa vitu vilivyomo nyumbani si kupika kila kilichomo nyumbani. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, kutwanga wala kuchemsha. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumu hiyo, na mahindi yaliyowadhuru yalikuwa ya nyumbani kwao wenyewe. Kwa hiyo chagueni kwa macho na kwa pua. Punje mbovu zitupwe, zisipewe kuku wala kusagwa kuwa unga wa uji. Na kinga iliyo bora ni kukausha vizuri tangu mavuno, juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.

Mwisho, twende ghalani na baba mwenye funguo. Nyumba inahitaji kuweka mbaazi kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Kila ukipika unatumia vikombe viwili vya mbaazi kavu au pungufu, yaani nusu lita. Debe letu linachukua lita 20. Basi debe moja ni mapishi 40. Ukipika mara tatu kwa wiki, debe moja linakwenda wiki 13, yaani miezi mitatu. Miezi mitatu ndiyo ile ya palizi, ghala likiwa tupu na kazi ikiwa nyingi. Debe moja tu, baba. Katika magunia manne hutaliona pengo lake, lakini mezani mwezi wa pili utaliona.

Debe hilo litengwe siku ya kupura, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake. Likaushwe sawasawa, litiwe katika mfuko usiopitisha hewa, ufungwe barabara ili wadudu wasipate kuzaliana. Likabidhiwe kwa mama, na lisiuzwe hata bei ikipanda. Bei nzuri ya siku moja isije ikamnyang'anya mtoto mboga ya miezi mitatu.

Tuyarudie kwa kifupi. Loweka usiku kucha, umwage maji. Funika sufuria, au tumia kapu la joto. Unga kwa karanga badala ya nazi au mafuta ya dukani. Changanya na mahindi na majani. Ondoa punje zote zenye ukungu. Na tenga debe moja siku ya mavuno.

Yule mama wa Babati nilikula kwake tena mwaka uliofuata. Safari hii sikuuliza mboga imekuwaje. Niliisikia harufu ya karanga tangu uani, na mtoto alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

Ndugu wakulima, hapo ndipo tunapofikia leo. Nawatakieni palizi njema na chakula chema. Kwaherini.