Miezi miwili ya Arusha haimsubiri mfanyabiashara

Siku ya soko la Mahoko, hapa kwetu Kanama, mama mmoja muuza vitunguu alinijia na mfuko wa karatasi. "Mwalimu, wewe ulisomea Tanzania, nisomee hizi." Zilikuwa nakala za barua nne alizoiandikia ofisi moja ya mpakani baada ya mzigo wake kuzuiwa. Ya kwanza ilikuwa na umri wa miezi saba. Jibu hakuna.

Nilikulia uhamishoni, nikarudi na cheti cha ualimu, si cha sheria. Hata hivyo hukumu za Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, huzisoma, maana zinatuhusu sisi wa mpakani kuliko tunavyodhani. Rwanda iliingia Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo pande zote mbili za mpaka wa Gisenyi na Goma sasa zinafungwa na mkataba mmoja, na kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuishtaki serikali iliyouvunja.

Mwaka 2012 majaji wa rufaa walitoa hukumu mbili ambazo kila mchuuzi angepaswa kuzijua. Katika kesi ya Plaxeda Rugumba, aliyelalamikia kuzuiliwa kwa ndugu yake afisa wa jeshi, serikali yetu ilikata rufaa ikidai kwamba mlalamikaji alitakiwa kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Rufaa ikatupwa. Mkataba hauna sharti hilo, na majaji hawakukubali kuliongeza.

Mlango ukafunguka, lakini hukumu ya pili imeweka komeo. Shirika moja la Kenya lilipeleka Arusha malalamiko ya mauaji na mateso ya Mlima Elgon. Mahakama ya awali ilikubali kwamba ukiukaji unaoendelea hauhesabiwi siku. Majaji wa rufaa wakakataa: kesi hufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu uamuzi au kitendo, au tangu mlalamikaji alipopata habari, na mahakama haina uwezo wa kuongeza hata siku moja. Kesi ikafa bila mateso yenyewe kuamuliwa.

Mimi naona ni ukali. Miezi miwili huisha mtu bado anatafuta wakili, tena kwa fedha za vitunguu! Lakini ndiyo sheria, na barua za kubembeleza haziisimamishi saa hiyo.

Mama akauliza: na wakizuia mzigo mwingine? Nikamwambia uamuzi mpya una tarehe yake mpya, basi adai sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Mwaka 2013 mahakama hiyo, katika kesi ya Mkenya Samuel Mohochi aliyerudishwa kutoka Entebbe, ilisema raia wa Jumuiya hawezi kuzuiwa kuingia bila kuelezwa kosa lake. Ile ilikuwa ya mtu, si ya gunia, ila wakili ataanzia hapo.

Masijala ndogo ya mahakama iko Kigali. Nauli ya Arusha si lazima.