Mbinu za Kushambulia katika Bao la Kiswahili na Msamiati Wake

Utangulizi

Katika miji ya mwambao, tangu Mambrui na Malindi hadi Kilifi na Takaungu, bao ni mchezo wa barazani unaochezwa na watu wawili huku wengine wakitazama, wakisahihisha na kutaniana. Wachunguzi wengi wa Kiswahili hulitaja bao kama pambo la utamaduni, kisha wakaliacha hapo. Ni wachache wanaoeleza namna mchezaji anavyolishambulia bao la mwenzake. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa ushairi hukutana na maneno kama mtaji, nyumba na kutakata, akayapa maana ya kamusi tu na kuikosa maana aliyoikusudia mtunzi. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu za ushambulizi katika bao la Kiswahili pamoja na istilahi zake, ili pengo hilo lipungue.

Ubao na Kete

Ubao una safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Kila mchezaji humiliki safu 2, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, na aghalabu huwa ni komwe, mbegu ngumu za mti utambaao ufukweni. Shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji huitwa nyumba, na mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba. Mashimo ya mwisho ya safu hiyo, kulia na kushoto, ni vichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi.

Mchezo unapoanza, kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba na kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kulia mwa nyumba. Kete 22 zinazosalia hubaki mkononi. Kipindi cha kuziingiza kete hizo moja moja ni cha kunamua. Zikimalizika huingia kipindi cha mtaji, ambapo mchezaji hutembeza kete zilizomo ubaoni tu.

Kinacholiwa ni kete za safu ya mbele ya mpinzani. Kete za safu ya nyuma ziko salama. Kete iliyoliwa haitolewi nje: aliyekula huisambaza upande wake mwenyewe, akianzia kichwani. Mshindi ni yule aliyeimaliza safu ya mbele ya mwenzake, au aliyemwacha bila hatua ya kucheza. Ushindi ukipatikana kabla kipindi cha kunamua hakijakwisha, mshinde huambiwa amefungwa mkononi, na fedheha yake ni kubwa zaidi.

Shabaha ya Kwanza: Nyumba

Kwa kuwa nyumba ndiyo ghala la kete, mashambulizi ya mwanzo huelekezwa huko. Lakini nyumba mbili hazitazamani. Nyumba ya mpinzani huelekeana na shimo lililo kushoto mara moja mwa nyumba ya mshambulizi, na shimo hilo huanza likiwa tupu. Kwa hiyo mchezaji wa kwanza hawezi kula. Ni lazima atakate, yaani acheze bila kula.

Tuchukue mfano. Mchezaji wa kwanza aweka kete katika shimo la 6, zikawa 3. Azitembeza kushoto: moja katika nyumba, moja katika shimo la 4, na ya mwisho katika la 3. Hili la 3 lilikuwa tupu, basi zamu imelala. Hajala kitu, lakini shimo la 4 sasa linaikabili nyumba ya mpinzani, na la 3 linakabili shimo lake lenye kete 2. Mpinzani naye, kwa kanuni ya bao, akiwa na nafasi ya kula hana hiari ya kuacha. Mchezaji mwenye hadhari atainamua kete yake katika nyumba na kuila ile ya shimo la 4, ili aondoe tishio.

Zamu ikirudi, mshambulizi anamua katika shimo la 3 na kula zile kete 2. Hapa ndipo ufundi unapoonekana, kwani ana hiari ya kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia. Akianzia kushoto, kete hulala katika shimo la 2 na hakuna la ziada. Akianzia kulia, ya mwisho huangukia shimo la 7 lenye kete 2. Mbele yake hakuna cha kula, hivyo huzibeba zote 3 na kuendelea kushoto hadi shimo la 4. Tishio juu ya nyumba limerudi palepale. Mpinzani bado anaweza kulijibu, ila sasa ndiye anayekimbizwa. Kula ni kulekule. Kilichotofautisha ni upande wa kuanzia.

Kimbi, Mtaji na Kutakasia

Hiari hiyo ya upande haipatikani daima. Aliyekula kupitia kimbi hulazimika kuanzia kichwa kilicho karibu naye, hata kama alikuwa akielekea upande mwingine. Mshambulizi mzoefu huitumia kimbi kuugeuza mwendo wake katikati ya zamu, akarudi kula mashimo aliyoyapita.

Katika kipindi cha mtaji, hesabu huwa ndefu zaidi, kwani kete huanzia shimo lolote lenye 2 au zaidi na kuzunguka safu zote mbili. Hapo mshambulizi huficha akiba nyuma, huku akiipunguza safu ya mbele ya mwenzake. Silaha yake kali ni kutakasia: wote wawili wakiwa hawana cha kula, mmoja hutakata kwa namna ambayo zamu ijayo atakuwa na shimo moja tu la kula. Mpinzani, ambaye hana mtaji wa kujibu, huzuiwa kulichezea shimo hilo, isipokuwa katika hali maalumu, kwa mfano shimo hilo likiwa ndiyo nyumba yake.

Lugha ya Ushambulizi

Msamiati huu una mantiki yake. Kunamua ni kukitoa kitu kilichonasa, na kweli kete inayotoka mkononi ndiyo inayolinasua bao. Mtaji ni mali ya kuanzia biashara. Barazani ni uwezo wa kula. Kutoka takata tunapata takasa, na kwa kauli ya kutendea, takasia: usafi unaofanywa kwa hasara ya mwingine.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitumia bao katika ushairi wake, na mwaka 2003 Alex de Voogt alichapisha uchunguzi kuhusu ushairi huo katika historia ya bao. Mshairi aliyetunga kwa hadhira iliyoujua mchezo hakuhitaji kueleza kwamba aliyetulia akitakata huenda ndiye anayeshambulia. Msomaji wa leo anahitaji kuelezwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba ushambulizi katika bao hauanzi kwa kula bali kwa kuandaa, na kwamba kanuni ya kulazimika kula humfunga anayekula kama inavyomfunga anayeliwa. Wanafunzi wa Kiswahili wenye asili ya Malindi na Kilifi wana maktaba hai katika baraza za kwao. Istilahi hizi zikusanywe sasa, kwa matumizi yake na si kwa orodha tupu, kwa kuwa neno la bao hueleweka kete zikiwa zinatembea.